Kwa nini vifaa vya nyumba janja havisikilizani, na namna ya kutengeneza cha kwako kinachosikilizana na vya wengine

Shemeji yangu alirudi toka Dubai na begi zima la vitu vya nyumba janja. Balbu tatu, plagi mbili, sensa za mlango na kengele yenye kamera, kila kimoja kampuni yake maana alinunua kwa kuangalia bei. Jumapili tukakaa sebuleni kwake toka saa nne asubuhi mpaka adhana ya magharibi, na mpaka tunainuka simu yake ilikuwa na aplikesheni nne mpya, kila moja na akaunti yake na nywila yake, na bado sensa ya mlango haijaweza kuwasha balbu, kitu pekee alichokuwa anakitaka tangu mwanzo. Akaniuliza swali ambalo tangu siku ile nimeulizwa na watu wengi: "Si vyote vimeandikwa waifai hivi? Sasa mbona havionani?"

Ni swali la haki kabisa na jibu lake likikaa vizuri kichwani mengine yote yanafuata, mpaka ile ya kutengeneza kifaa mwenyewe kwa vitu vinavyopatikana Kariakoo. Ndo ninakotaka tufike.

Tuelewane maneno kwanza. Nikisema kifaa janja namaanisha kitu cha kawaida cha nyumbani, taa, soketi, pampu, kitasa, kilichowekewa kompyuta ndogo sana ndani yake pamoja na redio ya kuongea na vingine. Nyumba janja ni nyumba yenye vitu kama hivyo vinavyofanya kazi pamoja, na shida yote imelala hapo kwenye "pamoja". Kusikilizana, wengine wanaita utangamano, ni pale kifaa cha kampuni moja kinapokipa taarifa au amri kifaa cha kampuni nyingine na kikaeleweka hapohapo.

Tulishapitia hili kwenye pesa za simu. Wanaokumbuka, zamani ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine haziingii kwenye akaunti yake, anapata meseji yenye namba ya siri alafu anaanza kutafuta wakala wa mtandao WAKO azitoe. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kukubaliana Tanzania, Vodacom akaingia 2016, na leo mtu anatuma popote bila hata kufikiria. Minara ilibaki ileile na simu zilibaki zilezile, kilichoongezeka ni makubaliano ya namna ya kuandika "mtoe huyu elfu kumi mpe yule" ili kila upande ausome ujumbe sawasawa.

Sasa rudi kwenye boksi la balbu. Neno waifai pale linakuambia barabara tu. Chukua Msukuma na Mmakonde wamekaa siti moja kwenye daladala ya Kariakoo, gari moja, barabara moja, lakini kila mmoja akishikilia lugha ya kwao hata nauli hawataulizana. Waifai, Bluetooth, Zigbee, Z-Wave, Thread, yote majina ya redio za vifaa kuongelea, karibu haya yote watu wanayachanganya kwa sababu yanatajwa pamoja, ila swali la kwanza la kujiuliza kila mara ni hili: hapa naambiwa barabara au naambiwa lugha? Balbu ya shemeji na sensa yake zilikuwa barabara moja. Balbu inaongea lugha ya siri ya kampuni yake na seva, yaani kompyuta ya kampuni, iliyoko nje ya nchi, sensa nayo lugha ya siri na seva nyingine ng'ambo nyingine. Ni kama unataka kumpa jirani chumvi dirishani lakini lazima uipeleke kwanza Ulaya ndo imrudie yeye, na huko Ulaya wawe na mkataba.

Na mkataba huvunjika, hili linaniuma sana kwa sababu watu wanauziwa kitu wakidhani ni chao. Mwaka 2014 kampuni ya Nest ilinunua kampuni inaitwa Revolv iliyouza kifaa kikuu cha nyumba kwa dola 300, alafu 2016 huduma ikazimwa na kile kifaa kikawa hakina kazi. Aprili 2022 Insteon ya Marekani ilizima seva zake ghafla, wateja wakaamka aplikesheni hazifanyi kazi. Taa zenyewe hazikuharibika. Zilikuwa pale ukutani nzima kabisa, ila mtu aliyekuwa anazitafsiria hayupo tena.

Lugha ya pamoja ilivyokuja

Desemba 2019 Amazon, Apple, Google na umoja uliokuwa unaitwa Zigbee Alliance walitangaza mradi wa kutengeneza lugha moja ya vifaa vya nyumbani. Hawa ni watu wanaogombania sebule moja kwaiyo ilishangaza kidogo, lakini kila mmoja alikuwa ameshachoka kubeba malalamiko ya wateja kama shemeji yangu. Mei 2021 mradi ukapewa jina Matter, na ule umoja nao ukabadili jina ukawa Connectivity Standards Alliance. Toleo la kwanza, 1.0, likatoka Oktoba 2022, na tangu hapo wanaongeza: 1.2 ya 2023 ikaleta majokofu na roboti za kufagia, 1.3 ya 2024 ikaleta mambo ya kupima matumizi ya umeme na sensa za maji yanayovuja.

Matter ni Kiswahili cha daladala. Ni kamusi. Imeandikwa humo kwamba kifaa kikijiita balbu lazima kijue neno "waka", neno "zima", na kikiwa cha kupunguza mwanga kijue na kiwango cha mwanga kinatajwaje. Kikijiita sensa ya mlango lazima kiseme "umefungwa" au "umefunguliwa" kwa namna moja ileile hata kama kimetengenezwa Shenzhen au Oslo. Msukuma nyumbani kwake anaendelea na Kisukuma chake, yaani kampuni inaruhusiwa kubaki na aplikesheni yake yenye mbwembwe zake, lakini wakikutana njiani kuna lugha ya wote.

Barabara ambazo lugha hii inapita ni waya wa kawaida wa mtandao, waifai, na Thread. Thread inastahili maneno mawili matatu maana ndo inayochanganya kuliko zote. Ni redio ya masafa ya gigahezi 2.4 yenye mwendo mdogo, kilobiti 250 kwa sekunde, hauwezi kuangalia hata video humo, lakini kwa sensa ya mlango inayosema neno moja kwa saa ni zaidi ya kutosha na inakula betri kidogo mno. Vifaa vya Thread vyenye umeme wa ukutani vinapokezana ujumbe kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo za maji kuzima moto, kwaiyo kifaa cha mwisho wa korido kinafikiwa hata kama ruta iko mbali. Sharti lake ni moja, panahitajika kifaa kimoja cha mpakani kinachounganisha ule mstari wa ndoo na mtandao wa kawaida wa nyumba, na watu wengi wananunua sensa ya Thread bila kuwa nacho alafu wanarudisha dukani wakisema mbovu.

Bado kuna ufunguo. Barabara ipo, lugha ipo, sasa nani anaruhusiwa kukuamuru? Kifaa cha Matter kinakuja na stika ya QR na namba ya tarakimu 11. Ukiskani, simu inaongea na kifaa, mara nyingi kwa Bluetooth kwa zile dakika za mwanzo, inakipa nywila ya waifai na kukiandikia cheti cha uanachama wa nyumba yako, na baada ya hapo hakisikilizi mgeni. Tafadhali ile stika ipige picha uihifadhi, ukifunga kifaa ndani ya dari na stika ikabaki huko utakuja kunikumbuka. Na kitu kizuri ambacho wengi hawakijui ni kwamba kifaa kimoja kinaweza kuwa mwanachama wa nyumba zaidi ya moja za kidijitali kwa wakati mmoja, yaani mama ana Android anatumia ya Google, mtoto ana iPhone anatumia ya Apple, na wote wanaamuru pampu ileile.

Mambo ninayosikia kila siku ambayo sio sahihi

"Matter imekuja kuondoa waifai." Hapana, lugha haiondoi barabara.

"Bila intaneti nyumba janja inakufa." Inategemea ulinunua nini na ndo maana nimesumbuka kueleza ile habari ya chumvi. Kifaa cha Matter kinaamriwa ndani ya nyumba, kifurushi kikiisha taa inaendelea kuwaka kwa amri ya simu iliyoko kwenye waifai ileile. Utakosa kuiamuru ukiwa Morogoro, na utakosa zile amri za sauti zinazochakatwa nje.

"Mtandao wangu hauna IPv6 kwaiyo Matter haiwezekani kwangu." Kweli Matter inatumia anwani za IPv6, yaani namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao, lakini ni za ndani kwa ndani, vifaa vinajipa vyenyewe, kampuni ya intaneti haihusiki. Kinachosumbua kweli ni ruta nyingi tulizopewa bure kuwa na mpangilio unaozuia vifaa kuonana, umeme upo, waifai ipo, kila kifaa kinaona intaneti ila hakimuoni jirani yake. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uuzime. Cha pili ni kwamba vifaa vingi janja vina redio ya gigahezi 2.4 peke yake, ukikisajilia kwenye jina la waifai la gigahezi 5 kitatafuta mpaka kesho.

"Nembo ya Matter ipo kwenye boksi kwaiyo nikifika nyumbani ni kuchomeka tu." Hapa wauzaji wanawaonea watu. Unahitaji msimamizi ndani ya nyumba, kitu kinachokaa macho muda wote, kwa Apple ni spika ya HomePod au kisanduku cha Apple TV, kwa Google na Amazon ni spika zao, au unaweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye Home Assistant, programu huria ambayo Paulus Schoutsen aliianza 2013 na leo inasimamiwa na taasisi isiyo ya faida. Mimi natumia hii ya mwisho. Alafu msimamizi naye lazima ajue aina hiyo ya kifaa, kamusi inaweza kuwa na neno lakini yeye hajalisoma. Kamera kwa mfano hazikuwemo kabisa kwenye matoleo ya mwanzo.

Na lingine nje ya Matter kabisa ila limeshaunguza vitu: plagi janja ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120, kwetu ni 230. Soma nyuma. Z-Wave nayo ina masafa tofauti kwa kila ukanda, 908.42 megahezi Marekani na 868.42 Ulaya, kwaiyo sensa uliyoletewa na ndugu wa Texas haitakaa iongee na kifaa ulichonunua Ujerumani hata vikiwekwa meza moja.

Kutengeneza mwenyewe

Miaka kumi na tano iliyopita kama ungeniambia fundi wa Kimara anaweza kutengeneza kifaa kinachojiunga kwenye simu ya Apple kama cha kiwandani nisingekubali. Kilichobadilisha mambo ni bodi za bei rahisi, yaani vibao vyenye kompyuta ndogo juu yake, na programu za bure za kuzifundisha. Bodi ya Arduino ilianza 2005 pale Ivrea, Italia, ili wanafunzi wa sanaa na ubunifu wasiojua elektroniki waweze kuwasha taa kwa mistari michache ya programu. Alafu kampuni ya Espressif ya Shanghai ikatoa chipu ya ESP8266 mwaka 2014 yenye waifai ndani kwa bei ya kutupwa, na ESP32 mwaka 2016. Bodi ya ESP32 kwa maduka niliyopita mimi haizidi sana bei ya kuku wa kienyeji.

Sio kila bodi inafaa na hapa wanafunzi wengi wanapoteza pesa. Arduino Uno ile ya kawaida, ya shule, ina kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi na haina redio yoyote. Matter ina vyeti na usimbaji ambao hautoshi humo hata robo. ESP32 ya kwanza ina kilobaiti 520, inaweza kwa waifai. Ukitaka uhuru wa kuchagua barabara chukua ESP32-C6 yenye waifai, Bluetooth na ile redio inayotumiwa na Thread na Zigbee, zote kwenye chipu moja. ESP32-H2 haina waifai, ni ya Thread na Bluetooth, nzuri kwa vitu vya betri. Arduino wenyewe nao wametoa Nano Matter yenye chipu ya Silicon Labs.

Njia za kuifundisha ni mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ESPHome: unaandika faili fupi la maelezo, "mguu wa 4 kuna swichi, mguu wa 5 kuna rilei" (mguu ni kipini cha bodi, rilei ni swichi ndogo inayoamriwa na bodi), lenyewe linatengeneza programu na kuipakia. Ni rahisi mno na naipenda, lakini kifaa kitaongea na Home Assistant kwa lugha ya ESPHome, Home Assistant ndo anakuwa mkalimani wa nyumba nzima. Ya pili ni kutumia maktaba ya Matter iliyomo kwenye kifurushi cha ESP32 cha programu ya Arduino, ambapo kifaa kinajifunza kuongea Matter chenyewe na hakihitaji mkalimani wangu, nikimpa jirani mwenye spika ya Google anaskani tu. Kama kifaa hakitatoka nyumbani kwako ya kwanza inatosha. Kama unataka kisikilizane na nyumba usiyoijua, ya pili.

Nieleze kwa kitu halisi. Kwetu Kimara maji ya DAWASA yana ratiba yake, yakija yanaingia tangi la chini, pampu inayapandisha kwenye simtank la lita 2000 juu ya mnara. Shida zinajulikana: mtu anawasha pampu anasahau, maji yanamwagika usiku kucha, au tangi la chini limekauka na pampu inazunguka kavu mpaka inaungua. Nilichotaka ni kifaa kinachozuia yote mawili na kinachoonekana kwenye simu ya kila mtu ndani ya nyumba.

Vitu vyenyewe ni bodi ya C6, boya mbili za swichi moja juu na moja chini, rilei, chaja ya simu ya volti 5, na kontakta, yaani swichi nene ya kubeba umeme wa mota. Usiruke kontakta. Rilei ndogo za bluu zimeandikwa ampia 10 na mtu anapiga hesabu pampu ya hospawa moja ni kama wati 750, ampia tatu na kitu, anaona iko salama. Mota inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hiyo kwa sekunde ile ya kwanza, mabati ya ndani ya rilei yanashikana, na siku yakishikana pampu haizimiki hata programu yako iwe nzuri vipi. Acha rilei iamuru kontakta, na kontakta pamoja na ovalodi yake (kinga ya mota isizidiwe) ibebe mota, na upande huo wa 230 afunge fundi umeme mwenye leseni. Bodi yenyewe ni ya volti 3.3, ikiguswa na umeme wa ukutani ni kwaheri, na wewe pia.

Sasa lugha. Kwenye kamusi sikukuta neno la boya la simtank. Hapa ndo kazi ya kubuni kifaa kinachosikilizana ilipo, kuliko hata kulehemu. Matter inaruhusu ujitungie maneno yako mwenyewe, na kishawishi ni kikubwa, ungeandika "kiwango cha tangi, mita moja na nusu" ukafurahi, lakini hakuna simu ya mtu mwingine itakayoelewa, utakuwa umerudia kosa lilelile la kampuni nne za shemeji. Boya ni kitu gani ukilivua jina lake? Ni swichi iliyofungwa au iliyofunguliwa. Sensa ya mlango ni hivohivo. Kwaiyo boya zangu zinajitambulisha kama sensa mbili za mlango, moja nimeipa jina "Tangi juu limejaa" na nyingine "Tangi chini kavu", na kila msimamizi niliyejaribu anazielewa. Pampu nayo, kamusi ina neno pampu kabisa toka toleo la kwanza, lakini aplikesheni nilizojaribu hazikujua kulionesha, nikaitambulisha kama plagi. Plagi inaeleweka kila mahali.

Alafu akili ikae wapi? Wengi wanaiweka kwenye simu au kwa msimamizi: "boya la juu likifunga, zima pampu." Ruta ikizimika katikati ya kujaza, ujumbe haufiki, maji yanamwagika na pampu inaendelea. Sheria yangu ni kwamba chochote kinacholinda mali au mtu kinakaa ndani ya bodi yenyewe, bodi inasoma boya na kuzima rilei bila kumuuliza mtu, na Matter inatumika kutoa taarifa na kupokea ombi la kuwasha. Nasema ombi kwa sababu simu ikisema washa na tangi la chini ni kavu, bodi inakataa na inarudisha hali yake kuwa "imezimwa" ili simu isibaki inaonesha uongo. Umeme ukikatika na kurudi bodi inaanza ikiwa imezima, siku zote. Kwetu umeme unarudi kwa kurukaruka, hutaki mota ianze mara tatu kwa dakika.

Kitu kidogo kilichonila wikendi nzima: maji yakiwa yanaingia kwa nguvu yanatengeneza mawimbi, boya linapanda linashuka na rilei inagonga kama mtu anapiga taipu. Dawa yake ni kuifundisha bodi isiamini boya mpaka likae hali moja kwa sekunde tano mfululizo. Na waya kutoka kwenye mnara ni mrefu, unanasa kelele za umeme, weka kizuizi cha kilo-omu kadhaa kati ya mguu wa bodi na volti 3.3 usitegemee kile kidogo cha ndani ya chipu.

Ukimaliza kupakia programu, bodi inakupa QR yake. Ukiskani kwa iPhone itakuonya kwamba kifaa hiki hakijaidhinishwa, unakubali kuendelea. Google wao wanataka kwanza ukisajili kama mradi wa majaribio kwenye ukurasa wao wa watengenezaji. Home Assistant anapokea. Onyo hilo linatokea kwa sababu kifaa chako kinatumia namba ya mtengenezaji ya majaribio, 0xFFF1, ambayo imeachwa wazi kwa ajili ya watu kama sisi. Kwa nyumbani kwako ni sawa kabisa. Ukitaka kuuza na kubandika nembo, hapo kuna kuwa mwanachama wa ule umoja, kupima kwenye maabara yao iliyoidhinishwa na kulipa ada, na kwa Tanzania kifaa chochote chenye redio kinahitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wanaoanza wanapunguza mzigo kwa kununua moduli ambazo redio yake imeshapimwa na kiwanda. Natamani sana vijana wetu wa veta na vyuo wafike hapo, maana hakuna kiwanda Shenzhen kitakachokaa kufikiria tangi la chini na ratiba ya mgao.

Kabla hujakifunga ukutani kipe mtihani. Chomoa ruta pampu ikiwa inapandisha maji, uone kama bado itazima tangi likijaa. Rudisha ruta uone kama simu zote zinakiona bila kusajili upya. Zima meni swichi, washa, hakikisha pampu imebaki kimya. Toa boya la chini kwenye maji alafu mwambie mama aliye jikoni ajaribu kuwasha kwa simu yake, asiweze. Mwisho panda mnarani pampu ikiwa inaunguruma, inua boya la juu kwa mkono, hesabu sekunde tano. Ikizima, shuka ufunge kifuniko.